Nilifuta mstari mmoja: historia ya toni na lokole kwenye mto wetu



Leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa mihogo. Nitaandika juu ya kosa langu moja, na historia niliyoijua kwa sababu ya lile kosa. Mwenye haraka aniwie radhi, stori ni ndefu kidogo.

Nilipomaliza lisansi yangu ya kilimo, nilipata kazi ya miezi michache na mradi mmoja kule kando ya mto, chini ya Kisangani, kati ya Yangambi na Isangi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisema: kuzunguka vijijini, kuuliza bamama na bapapa majina ya mimea wanayotumia shambani na nyumbani, kuyaandika, halafu kutengeneza karatasi moja ya kugawia familia. Jani gani linaliwa, gani linafukuza wadudu kwenye akiba ya mahindi, gani ni dawa. Mimi ni mtoto wa Kindu. Nyumbani tunasema Kiswahili, masomo nimefanya kwa Kifaransa, Lingala nimeijulia barabarani. Kilokele sikijui. Lakini nilijiambia: jina ni jina, mtu anataja, unaandika, imeisha.

Nikarudi mjini na madaftari mawili, nikaingiza yote kwenye Eksel. Yalikuwa majina mia moja na kitu. Programu ikanionyesha jina moja limeandikwa mara mbili, herufi zile zile, kutoka vijiji viwili. Upande mmoja nilikuwa nimeandika "mboga, wanampikia mama aliyezaa". Upande wa pili nilikuwa nimechoka siku ile, nikaandika maneno mawili tu: "maji, samaki". Nikafikiri ni mboga ile ile, inapikwa na samaki. Nikafuta mstari mmoja.

Mwezi uliofuata tulirudi kijijini kuisoma orodha mbele ya watu, kabla ya kuichapisha. Nikasimama chini ya mti, nikasoma kwa sauti. Watu walicheka matamshi yangu, hiyo nilishazoea. Lakini nilipofika kwenye lile jina na maelezo yake, kicheko kikakatika. Mama mmoja mzee akasimama, akaniuliza:

"Mutoto yangu, weye unataka kuua batoto yetu?"

Kumbe ilikuwa mimea miwili. Mmoja ni mboga kweli. Mwingine kazi yake ni sawa na ile Tephrosia vogelii tuliyosoma darasani: watu wanaponda majani, wanayatupa kwenye kijito, samaki wanalewa na kuelea juu. Majina yao, ukiyaandika kwa herufi tupu, ni jina moja. Tofauti yote iko kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Mimi nilikuwa nimesikia kitu kimoja. Kijiji kizima, hata mtoto ambaye bado hajaanza masomo, walikuwa wanasikia vitu viwili. Jina lenyewe silitaji hapa: maneno ya kwenye simu yanasambaa haraka kuliko masahihisho yake, na mtu akilinakili bila alama zake tutarudi pale pale.

Ile siku niliona haya sana. Lakini baada ya mkutano, papa mmoja mzee alinishika mkono, tukaenda kukaa juu ya mtumbwi mbovu uliogeuzwa tumbo juu. Hakunigombeza. Alichukua kijiti, akagonga ubao wa mtumbwi pale penye mlio mzito na pale penye mlio mwepesi.

"Sikia. Hii njo mboga."

Akagonga tena, lakini kwa mpango mwingine.

"Na hii njo ya samaki. Uko nasikia?"

"Ndiyo, papa. Sasa nasikia."

Hakutamka neno hata moja, lakini nilisikia maneno mawili. Njo hapo nilianza kutafuta: hii kitu ni nini, na kwa nini mimi, Mbantu mtoto wa Bantu, mwenye lisansi, sikuwa na masikio yake?

Toni ni nini basi

Sauti inatoka kooni, mahali ambapo nyuzi mbili laini zinatikisika hewa ya mapafu inapopita. Zikitikisika haraka, sauti inapanda. Zikitikisika polepole, sauti inashuka. Kila mtu duniani anafanya hivyo, hata sisi wa Kiswahili. Sema "Umekula." Halafu sema "Umekula?" Wimbo umebadilika, na sentensi imegeuka kuwa swali. Lakini neno lenyewe halijabadilika: kula ni kula.

Katika lugha ya toni, wimbo hausubiri sentensi. Uko ndani ya neno, umekaa kwenye silabi sawa na herufi. Ukiubadilisha umechukua neno lingine, kama vile ukibadilisha "paka" kuwa "taka". Mwenye lugha hasikii "neno lile lile kwa wimbo tofauti". Anasikia maneno mawili, imeisha.

Kiswahili kina kitu kinachokaribia kidogo. Sema barabara ile ya kupita magari, halafu sema "kazi imefanyika barabara". Kwenye njia ya magari uzito wa sauti unaanguka kwenye "ba" ile iliyo karibu na mwisho. Kwenye neno lenye maana ya "vizuri kabisa" uzito unarudi nyuma, kwenye "ra" ya kwanza. Lakini huo ni mkazo, na maneno ya namna hiyo kwetu ni ya kuhesabu kwa vidole. Katika Kilokele na lugha nyingi za Kongo, jambo hilo ni la kila siku, kwenye maelfu ya maneno.

Mfano unaojulikana wa Kilokele ni huu. Chukua silabi tatu: li-sa-ka. Zote zikiwa chini, lisaka, ni dimbwi la maji. Ukipandisha ya mwisho peke yake, lisaká, ni ahadi. Ukipandisha mbili za mwisho, lisáká, ni sumu. Dimbwi, ahadi, sumu: herufi sita tu. Mfano mwingine unachekesha: alambaka boili. Kwa toni moja, mtu yule aliangalia kando ya mto. Kwa toni nyingine, alimchemsha mama mkwe wake. Fikirieni mgeni anayejifunza lugha, anataka kusifu uangalifu wa mwenyeji wake.

Na msifikiri kwamba "juu" na "chini" ni noti kama za piano. Chini ya mtoto inaweza kuwa juu zaidi kuliko juu ya babu yake. Sikio halipimi sauti peke yake, linalinganisha silabi na jirani yake. Njo maana mtu mwenye mafua, mtu anayenong'ona kwa uchovu, mwanamke na mwanaume, wote wanaelewana.

Wengi wetu tayari tunajua toni bila kuijua, kupitia Lingala. Moto, silabi zote chini, ni mtu. Motó, ya mwisho juu, ni kichwa. Kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika. Sasa rafiki yako akikutumia ujumbe wa simu: "nakomi". Amefika au ameandika? Kwa macho huwezi kujua. Unajua kwa sababu ulikuwa unamngojea, kwa sababu ya maneno yaliyo mbele na nyuma. Hapo wengine wanasema: basi toni si lazima kuandikwa, muktadha unatosha. Nami nilifikiri hivyo. Lakini orodha haina muktadha. Orodha ya majani, ya vijiji, ya majina ya watu, ni maneno yaliyong'olewa kutoka kwenye sentensi zake kama miche bila udongo. Pale njo toni inakuwa udongo wote uliobaki.

Masikio yetu ya Kiswahili

Wataalamu wa lugha, wakilinganisha lugha za Kibantu moja kwa moja, wanakubaliana kwamba lugha-mama ya zamani, ile iliyozaa zote, ilikuwa na toni. Watoto wengi walibaki nayo kwa namna moja au nyingine: Kikongo, Lomongo, Kilega, Mashi, Kinande, Kinyarwanda, Kirundi. Tshiluba ilifanya jambo la ajabu: katika maneno mengi, pale ndugu zake wana sauti ya juu yenyewe ina ya chini, na pale wana ya chini yenyewe ina ya juu, kama shati lililovaliwa ndani nje. Hata pwani ya Kenya, Kigiriama, jirani na ndugu wa karibu wa Kiswahili, kimebaki na toni. Kiswahili njo kilichoiacha njiani. Kilibaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi.

Na hicho Kiswahili kilifikaje kwetu? Kwa misafara. Mwisho wa mwaka 1876 Stanley aliondoka upande wa Nyangwe, katika Maniema yetu, akifuata Lualaba, na mwanzoni Tippu Tip alimsindikiza na watu wake. Wapagazi na walinzi wa Stanley wengi walikuwa Wangwana, watu wa Zanzibar na pwani, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Baadaye wafanyabiashara wa pwani walijenga vituo mpaka kwenye maporomoko ya Kisangani, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili alimpa Tippu Tip cheo cha gavana wa pale. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na ya watu, tusiifunike. Lakini nyuma yake lugha ilibaki, ikawa ya soko, ya kambi, ya ndoa za mchanganyiko, mwisho ikawa lugha ya mama. Babu zetu wa babu walikuwa na toni katika lugha zao. Sisi wajukuu wa Kindu tulizaliwa ndani ya lugha iliyoiacha. Siwezi kulalamika, Kiswahili kimenipa ndugu kutoka Bunia mpaka Lubumbashi. Lakini nilipokaa mbele ya mama wa Kilokele na daftari langu, nilikuwa kama mtu asiyeona rangi, aliyetumwa kuchambua pilipili mbichi na zilizoiva.

Mto uliosikia kabla ya kuona

Mwezi wa kwanza 1877 msafara wa Stanley ulipita maporomoko, ukashuka mto katika nchi ya Walokele na jirani zao. Tarehe 1 mwezi wa pili, kwenye mdomo wa Aruwimi, karibu na pale tunaita leo Basoko, ulikutana na kundi kubwa la mitumbwi ya vita. Njia nzima wageni walisikia ngoma za mbao mbele yao. Habari yao ilikuwa inasafiri haraka kuliko wao. Waliogopa ile milio, wakaifahamu kama makelele ya vita.

Stanley alirudi baadaye kujenga vituo, na katika kitabu chake cha mwaka 1885 juu ya kuanzishwa kwa ile dola ya Kongo alieleza jambo la kweli: kwamba watu wa visiwa vya sehemu hii wanapiga ngoma kubwa mahali tofauti tofauti, na mlio wake, kwa anayejua, ni wazi sawa na maneno ya mdomo. Alisema "maneno", na alikuwa na haki. Lakini hakueleza jinsi mbao zinavyosema.

Kwa miaka mingi baada yake, wageni wengi waliamini kwamba ngoma ni alama za siri: mapigo matatu hatari, mapigo matano kifo. Wengine walilinganisha na Morse ya telegrafu. Lakini Morse inaandika herufi, kila herufi ina mapigo yake, na lokole haina herufi hata moja. Lokole inachukua kile Morse na alfabeti yetu vinaacha: toni. Walokele walikuwa wamelichambua neno, wakatenga wimbo na herufi, wakautuma wimbo peke yake juu ya maji. Wamefanya hivyo bila kalamu, kabla misheni ya kwanza haijafungua darasa kando ya ule mto.

Mwalimu wa Yakusu

Aliyeieleza dunia jambo hili vizuri ni Mwingereza, John Carrington, aliyezaliwa mwaka 1914. Alifika misheni ya Wabaptisti ya Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1938, kama mwalimu. Alikuwa mtu wa sayansi, mpenda mimea, kwa hiyo mimi namhesabu kidogo kama wa fakulte yetu. Siku moja alikwenda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa. Alipofika alikuta mwalimu wa kijiji, muuguzi na waamini wameshakusanyika, wanamngojea. Lokole ilikuwa imesema. Carrington hakuishia kushangaa, alikaa chini akajifunza Kilokele, kisha akajifunza kupiga. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma zinazosema za Afrika, na mwaka 1971 aliandika tena juu yake katika jarida la Marekani, Scientific American.

Chombo chenyewe wengi mmekiona, hata kama ni mbele ya kanisa. Ni gogo moja, mara nyingi la mti mwekundu ule wafanyabiashara wa mbao wanaita padouk, yaani Pterocarpus soyauxii. Linachimbwa ndani kupitia ufa mwembamba. Halina ngozi. Fundi anachimba upande mmoja wa ufa kuliko upande wa pili, hivyo midomo miwili ya gogo inatoa milio miwili, mmoja wa juu, mmoja wa chini. Milio miwili, kwa sababu lugha ina toni mbili. Gogo kubwa na gogo dogo yanasema lugha moja, maana yanayosikilizwa si noti, ni tofauti. Sawa na babu na mtoto.

Lakini hapo kuna shida, na msomaji makini ameshaiona. Ukiondoa herufi, maneno mengi yanafanana. Katika Kilokele sango ni baba, songe ni mwezi wa angani, koko ni kuku, fele ni aina ya samaki. Yote manne yana silabi mbili, zote juu. Kwenye lokole yote ni pigo moja: juu, juu. Msikilizaji wa ng'ambo atajuaje kama wanamwita baba au wanatafuta kuku?

Jibu la wazee linanifurahisha kama mtu wa kilimo, maana nasi mbegu moja kwa shimo hatuiamini. Tunatia tatu, moja ikioza nyingine ziote. Mpiga lokole hatupi neno peke yake. Analifunga ndani ya fungu la maneno ambalo kila mtu analijua. Mwezi unakuwa mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku anakuwa yule mdogo mwenye kulia kiokio. Mihogo inakuwa ile inayobaki kwenye shamba lililoachwa lipumzike. Makemba yanakuwa yale ya kuwekewa mti wa kuyategemeza. Sasa mapigo ni mengi, wimbo umekuwa mrefu, na hakuna fungu lingine lenye wimbo ule ule. Kelele ya mvua ikimeza mapigo mawili matatu, yaliyobaki yanatosha.

Angalieni tena hiyo mihogo na hayo makemba. Ni agronomia. Mihogo inavumilia kubaki ardhini wakati shamba linapumzika. Mkungu wa makemba ukiwa mzito unaangusha mgomba usipoutegemeza. Mtoto aliyejifunza lokole alijifunza somo la shamba ndani ya somo la lugha, na hakulipa frais yoyote.

Watu nao walikuwa na majina ya lokole. Jina la mtu kwenye gogo lilikuwa na sehemu tatu: fungu lake mwenyewe, fungu la baba yake, na kijiji cha mama yake. Ukiitwa, umeitwa na ukoo wote, hakuna kuchanganya. Mbele ya hiyo, Eksel yangu iliyofuta mstari kwa sababu ya herufi kufanana ni mtoto mdogo.

Usiku au alfajiri, hewa ikitulia juu ya maji, mlio ulifika kilomita kumi hivi. Kijiji kinachofuata kinapokea na kurudisha, na habari ya kifo, ya meli ya daktari, ya mpira wa jumapili, inashuka mto wakati mjumbe wa miguu bado anatafuta mtumbwi.

Mgeni anasikia, shule inasahau

Tusifikiri kwamba Wazungu wote walikuwa viziwi. Kule Kongo ya Chini, mmisionari wa Uswidi Karl Laman alitoa mwaka 1922 kitabu kizima juu ya wimbo wa sauti katika Kikongo, na mwaka 1936 kamusi yake kubwa ya Kikongo na Kifaransa ilitoka na alama za toni. Mwaka 1939 Mbelgiji Amaat Burssens alichapisha uchunguzi juu ya toni za Tshiluba. Upande wa Mbandaka, Padri Gustaaf Hulstaert, aliyeanzisha jarida la Aequatoria mwaka 1937 pamoja na Padri Edmond Boelaert, alitoa kamusi ya Lomongo mwaka 1957, neno kwa neno na toni zake. Nyuma ya kila moja ya vitabu hivi kulikuwa na Wakongomani waliokaa saa nyingi wakirudia neno moja mpaka sikio la mgeni lifunguke. Majina yao mara nyingi hayapo kwenye jalada. Lakini masikio yalikuwa yao.

Basi elimu ilikuwepo. Kwa nini mimi, miaka mingi baadaye, niliandika majina kwa herufi tupu bila hata kujiuliza? Kwa sababu vitabu vile vilibaki maktabani, kwa wataalamu. Kitabu cha nyimbo, kitabu cha kusomea, gazeti, kibao cha barabarani, mara nyingi viliandikwa bila alama, kwa sababu ni haraka na wenye lugha wanajisaidia wenyewe kwa muktadha. Watoto wa vile vitabu ni sisi.

Na hapa njo roho inaniuma. Tangu shule ya msingi tumefundishwa alama za Kifaransa. Alama inayopanda, inayoshuka, ile ya kofia. Kwenye dikte ukisahau moja, pointi inakatwa, na hatukubishana. Tulikubali kwamba Kifaransa bila alama ni kosa. Kalamu ya kuandika lisáká tunayo, alama tunayo, kwenye simu zetu ukikandamiza "a" kidogo zinatokea zote. Kinachokosa ni ile imani kwamba lugha ya mama wa kijijini inastahili uangalifu ule ule.

Mtu ataniambia: lugha zetu zimeishi bila alama, kwa nini kujisumbua? Nakubali, anayeongea lugha yake kila siku hahitaji alama kwenye kila ujumbe. Lakini angalieni nani anabaki kuongea. Mtoto aliyezaliwa mjini atajifunza jina la jani kutoka kwenye karatasi yangu, siyo kutoka mdomoni mwa bibi. Muktadha unamwokoa anayejua lugha. Asiyejua, anabaki na herufi zangu tu.

Lokole yenyewe inatufundisha hivyo. Katika miaka ya 1950 Carrington alikuwa tayari anaona kwamba vijana waliokwenda shule hawajifunzi tena kupiga. Lokole ilibeba toni bila herufi. Sisi tulipewa herufi bila toni. Kizazi kimoja kikiachia cha kwanza na kubaki na cha pili, neno linakuwa limegawanywa nusu, na nusu moja imetupwa mtoni.

Orodha mpya

Ile karatasi haikuchapishwa. Niliomba muda, wakanipa majuma matatu bila malipo ya ziada, nikarudi kijiji kwa kijiji. Safari hii nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila jina nililirekodi kwa simu, kutoka kwa watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanaume. Nilimwomba kila mmoja aseme jina, halafu alipige filimbi au aligonge kwa kijiti. Kwa kijiti hata sikio langu la Kindu liliweza kutambua: chini, juu, juu. Nikaweka alama juu ya herufi pale pale, mbele yake, na kumsomea tena. Akicheka, narudia. Akinyamaza na kutikisa kichwa, tumefika.

Katika orodha yote nilikuta majina mengine matatu niliyokuwa nimeyachanganya. Hayakuwa na hatari kama lile la kwanza, lakini yalikuwa makosa, na yangeingia kwenye karatasi yenye jina langu chini.

Yule mama mzee nilimtembelea mwisho. Nilisoma jina la mboga. Akaitika. Nilisoma jina la ile ya samaki. Akanitazama, akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza nje:

"Kuya usikie. Huyu mwalimu amesha jifunza kusema."

Papa wa kijiti naye nilimuuliza kama kuna kijana anayemfundisha lokole. Akasema wawili walianza, mmoja amekwenda kwenye almasi, mwingine anakuja siku akikosa mtandao. Alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa anaangalia mto.

Bandugu, wengi wenu mko kwenye memwari sasa. Wa afya mnakusanya majina ya magonjwa, wa sheria majina ya mipaka ya mashamba, wa kilimo majina ya mbegu. Kabla ya kufuta mstari kwa sababu herufi zimefanana, rudini kwa mwenye neno, mwombeni aligonge kwa kijiti. Na wenye bibi anayesema lugha yake bado, simu mnazo. Mumrekodi jumapili hii.

Tuko pamoja.